Frontinus na Maji ya Roma

Utajapo ustaarabu wa Warumi, wanafunzi wetu aghalabu huwaza matao marefu ya mawe yaliyobeba maji. Ni nadra kusikia likitajwa jina la Sextus Julius Frontinus, mzee aliyeshika kazi ya kuyalinda maji hayo.

Frontinus alikuwa amekwisha kupanda vyeo. Alikuwa konsuli, kisha liwali wa Uingereza kuanzia mwaka wa 74 hivi B.K., ambako aliwashinda Silures wa Wales. Mwaka wa 97 Kaisari Nerva alimkabidhi maji ya Roma. Mtu wa hadhi yake angeliweza kuketi na kuwaachia makarani. Yeye aliona ni aibu mkuu kuongozwa na wasaidizi wake. Alijifunza kazi upya, akachorewa ramani za mifereji yote 9, ambayo kwa sehemu kubwa ilipita chini ya ardhi, si juu ya matao. Kisha akafungua madaftari.

Humo alikuta kioja. Maji yaliyoingia yaliandikwa vipimo 12,755, na yaliyogawiwa 14,018. Vipi mtungi utoe kuliko ulivyojazwa? Frontinus alikwenda kupima mwenyewe penye vyanzo, akapata takriban vipimo 10,000 zaidi ya vile vya daftarini. Kikulacho ki nguoni mwako: watumishi wa maji walikuwa wakitoboa mabomba ya risasi chini ya barabara na kuuza maji kwa siri. Haki ya maji ilipohamia kwa mwenyeji mpya, walitoboa tundu jipya, na lile la kale likabaki biashara yao. Ndiyo maana alisisitiza kila tundu halali liwe na mdomo wa shaba nyeusi wenye mhuri, kwani shaba hiyo haipanuliwi kwa urahisi.

Mfereji wa Marcia, uliosifika kwa maji safi, ukatengewa kunywa; maji ya tope ya Anio Vetus yakapelekwa bustanini.

Hata hivyo, tusimtukuze kupita kiasi. Alijua kwamba maji yaendayo kasi huwa mengi, lakini alipima ukubwa wa tundu tu, asiipime kasi. Basi si pengo lote alilolikuta lililokuwa wizi.

Alifariki mwaka wa 103 au 104, akiwa amekataza kujengewa mnara wa ukumbusho. Kitabu chake juu ya maji kilinakiliwa na watawa wa Monte Cassino, na huko ndiko Poggio Bracciolini alikokikuta mwaka wa 1429.