Shaaban Robert: Karani aliyeweka maisha yake kwenye karatasi

Mara nyingi tunaposoma ujumbe wa wasikilizaji kutoka Kibaha na Kisarawe tunakutana na neno moja: mawazo. Mkulima wa korosho wa Maneromango ana mawazo ya deni. Mama wa Mlandizi ana mawazo ya mtoto aliyeondoka bila kuaga. Kijana wa bodaboda hapo Maili Moja hapati usingizi, na hataki wenzake wajue. Wengi wanauliza mtu afanye nini na mzigo ambao hawezi kumtua nao mtu yeyote.

Leo tunaeleza njia moja, nayo ni kuandika. Hatutaitafuta mbali. Tutaieleza kupitia maisha ya mtu ambaye jina lake kila aliyesoma shule Tanzania analijua, Sheikh Shaaban Robert. Wengi tunamkumbuka kama mshairi wa mtihani. Wachache tunakumbuka kwamba alikuwa pia mtu mwenye huzuni, madeni na hasira kama sisi, na kwamba aliyaandika hayo yote.

Mtoto wa Vibambani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Alipelekwa shule Dar es Salaam, akasoma kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Masomo yake ya darasani yaliishia hapo. Mwaka huohuo wa 1926 aliingia kazini kama karani wa forodha, akapangiwa Pangani.

Hakuwahi kuwa tajiri, wala hakuishi kwa vitabu. Alikuwa mwajiriwa wa serikali ya kikoloni, mtu wa kuhamishwa huku na kule, mwenye mshahara wa karani Mwafrika na familia ya kulisha. Baada ya forodha alipelekwa Mpwapwa, kisha akarudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya na baadaye ofisi ya upimaji ardhi. Vitabu vyake aliviandika pembeni ya kazi hizo.

Msiba wa Amina

Pigo kubwa la maisha yake lilikuwa kifo cha mkewe wa kwanza, Amina. Alibaki na watoto wadogo wa kulea, Mwanjaa na Suleiman. Wanaume wengi wa pwani wa wakati ule, na hata wa sasa, walifundishwa kwamba mume akifiwa ajikaze, arobaini ikipita aendelee na shughuli zake.

Shaaban Robert aliendelea na shughuli zake, lakini hakujifanya kwamba hakuumia. Aliandika shairi la kumlilia Amina, na katika kitabu cha maisha yake akaeleza ndoa yao na jinsi alivyompoteza. Kisha akafanya jambo jingine. Aliwaandikia watoto wake tenzi mbili za mawaidha: binti akapata Utenzi wa Hati, na mwana akapata utenzi wa Adili. Huzuni yake ikazaa kitu cha kuwafaa waliobaki.

Baadaye alioa tena. Kuandika hakukumrudisha Amina, wala hakukumfunga katika kaburi lake.

Kitabu cha mtu mwenyewe

Kitabu chake kiitwacho Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949. Humo alieleza mambo ambayo watu wengi huyaficha. Kwa mfano, alisimulia safari ya kuhamia Mpwapwa pamoja na familia yake, na jinsi walivyobaguliwa njiani kwa sababu ya rangi yao. Ni jambo la aibu kwa baba kudhalilishwa mbele ya mke na watoto. Wengine hulimeza likawachacha tumboni. Yeye aliliandika kwa utulivu, akilitazama kama mtu anayekagua jeraha lake ili ajue lina ukubwa gani.

Alipovuka umri wa miaka hamsini alikaa tena na kalamu, akaandika sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini. Alijitazama upya: kazi, ndoa, uandishi, na utu uzima unaomjia. Sehemu hizo mbili husomwa sasa kama kitabu kimoja.

Zaidi ya vitabu, ziko barua. Kati ya mwaka 1931 na 1958 alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, barua nyingi. Ni miaka ishirini na saba. Humo mna habari za nyumbani, fedha, ugonjwa na kazi yake ya kuandika. Yusuf alizitunza, na miaka mingi baada ya kifo cha mwandishi zilikusanywa na Profesa M. M. Mulokozi, zikawa kitabu. Tunajifunza hapo kwamba hata mwandishi mkubwa alihitaji mtu mmoja wa kumfungulia moyo.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi sita hivi baada ya Uhuru wa Tanganyika, akiwa na umri wa miaka 53. Mpaka mwisho alihangaika na fedha na uchapishaji wa vitabu vyake. Kwa hiyo tusidanganyane: kuandika hakulipi deni. Kunamsaidia mwenye deni afikiri vizuri.

Wataalamu wanasemaje?

Mwaka 1986 nchini Marekani, mtaalamu wa saikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliwaomba wanafunzi waandike dakika kumi na tano kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida, wengine waliandika jambo lililowaumiza sana maishani. Walioandika maumivu na hisia zao walitoka na huzuni zaidi siku hizohizo. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida ipo, ingawa si kubwa kwa kila mtu.

Sababu moja inayotajwa ni hii: wazo lililo kichwani huzunguka bila mwisho. Likiwekwa kwenye karatasi linapata mwanzo na mwisho, na mtu anaweza kuona lipi analiweza na lipi halimo mikononi mwake.

Uanzeje?

Daftari la shule linatosha. Chagua muda wako, labda jioni baada ya chakula, dakika kumi au kumi na tano. Andika tarehe. Kisha andika kilichotokea, ulivyojisikia, na jambo moja unaloweza kufanya kesho. Usijali herufi wala mpangilio, maana hakuna mwalimu wa kusahihisha. Ukitaka, andika barua kwa mtu unayemwamini, hata kama hutaituma.

Kama kuandika kunakupa shida, jirekodi sauti kwenye simu. Lakini kumbuka simu za vijijini hupita mikono mingi. Weka namba ya siri, au futa ukishasikiliza. Na daftari nalo lifiche mahali salama, hasa kama nyumbani kuna mtu anayeweza kukudhuru akilisoma.

Kuandika kuna mipaka yake. Ukiona kila unapoandika unazama zaidi, acha kwa muda, zungumza na mtu. Na kama huzuni imepita wiki mbili, huli, hulali, au unafikiria kujidhuru, usikae na daftari peke yako. Mwambie ndugu leo hii, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ueleze kama unavyoeleza homa. Wahudumu wanaweza kukupa rufaa kwenda hospitali.

Wasikilizaji wetu wa Kibaha na Kisarawe, kitabu cha Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ni chembamba. Ukikipata kwenye maktaba ya shule iliyo karibu nawe, kisome. Utakutana na karani aliyefiwa, aliyedharauliwa na aliyekosa fedha, akiongea na nafsi yake bila kujificha. Hilo hata mkulima wa mihogo mwenye kalamu ya wino na taa ya sola analiweza.