Msiri wa Bunkeya: mukuba ulitoka, bunduki za zamani zikaingia

Wandugu wachimbaji, nani kati yetu hajasikia jina la Msiri? Wazee wanalitaja kwa heshima, wengine wanalitaja kwa hasira. Kuna wanaosema alikuwa mfalme mkubwa aliyekataa bendera ya Wazungu. Kuna wanaosema alikuwa mwuza watu. Yote mawili ni kweli. Lakini kuna hesabu moja ya maisha yake ambayo hatuipigi sana, nayo inatugusa sisi watu wa mgodi kuliko wengine: aliuza nini, alinunua nini, na bei ilipangwa wapi.

Ngelengwa, huyu aliyekuja kuitwa Msiri, ao Mushidi, alizaliwa karibu na mwaka 1830 upande wa Tabora, nchi ambayo leo ni Tanzania. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara. Safari zake zilimfikisha mpaka huku Katanga kutafuta mukuba, maana mukuba ya huku ilijulikana mbali sana mbele Mzungu yeyote hajaiona. Mafundi wa kuyeyusha walikuwa huku tayari. Walichimba malakiti, wakaiyeyusha ndani ya vinu vya udongo, wakatoa misalaba ile tunayoionaka leo kwenye picha na kwenye kuta za ofisi. Kijana Ngelengwa alifuata njia ya baba yake, na karibu na mwaka 1856 alifika huku na kundi dogo la watu wake. Hao ndio Bayeke.

Hakufika na jeshi kubwa. Alifika na bunduki chache. Wakati ule Basanga wa mfalme Mpande walikuwa wanasumbuliwa na Baluba, maana yake babu zetu wa upande huu. Bayeke walisimama pamoja na Basanga, bunduki zikalia, na Baluba, ambao hawakuzoea ile kelele na ule moshi, walirudi nyuma. Toka siku hiyo mgeni akawa mtu wa kutegemewa, na mtu wa kutegemewa akawa bwana. Pole pole alichukua nchi, na akaiita Garenganze. Makao yake makubwa yakawa Bunkeya.

Sasa tujiulize: zile bunduki zilikuwa za namna gani? Zilikuwa bunduki za gumegume. Unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unatia risasi, unashindilia na kijiti, halafu jiwe linapiga chuma na kutoa cheche. Mvua ikinyesha, baruti inalowa na bunduki inakuwa fimbo. Mtu aliyezoea sana anaweza kupiga mara mbili ao tatu kwa dakika moja. Mbali ya mita 100, kumpata adui ni bahati.

Askari wa Ulaya walikuwa wamepigana nazo vita vyao toka zamani, lakini kufika miaka ya 1840 na 1850 majeshi yao yalikwisha kuanza kuziacha kwa kuchukua zenye fataki. Sasa zile za zamani zitapelekwa wapi? Zilikuwa nyingi ndani ya depo za serikali, na serikali haipendi kutunza chuma isichokitumia. Ziliuzwa kwa bei ndogo. Wafanyabiashara wa Liège kule Ubelgiji na wa Birmingham kule Uingereza walizinunua, wakazitengeneza kidogo, wakatengeneza na zingine mpya za namna ile ile kwa ajili ya soko la Afrika, na meli zikazileta pwani. Kwa hiyo silaha iliyokuwa imekwisha kazi kule ikawa silaha ya kifalme huku.

Ili zifike Bunkeya kulikuwa njia mbili. Moja ilitoka mashariki, Zanzibar na Bagamoyo, ikapita Tabora na Ziwa Tanganyika. Nyingine ilitoka magharibi, Benguela, ikapita Bihé kwa Waovimbundu. Msiri alikuwa mjanja: hakutaka kushikwa na mlango mmoja. Karibu na mwaka 1870 alifungua ile ya magharibi, na ili aifunge vizuri na kamba ya undugu, alioa Maria de Fonseca, mwanamke wa damu ya Wareno na ya Waafrika kutoka upande wa Angola. Akawa mke wake mwenye sauti. Hivi bwana wa Bunkeya aliweza kulinganisha bei ya pande mbili, na mwenye kulinganisha bei ana nguvu.

Alilipa na nini? Alilipa na pembe za tembo, alilipa na mukuba, alilipa na chumvi. Na alilipa na watu. Hapa hatuwezi kufunika macho. Sisi wa Kamina tunajua zaidi, maana misafara ya Bihé ilipita pia katika nchi ya Baluba. Mwaka 1875 Mwingereza mmoja, Cameron, alikaa miezi mingi kule Kilemba, kwa mulopwe Kasongo Kalombo, akaona kwa macho yake msafara wa mfanyabiashara Coimbra ukiingia na wanawake waliofungwa kamba, na watoto wao. Vijiji vyao vilikuwa vimechomwa ili wapatikane. Kasongo Kalombo naye alitaka bunduki na baruti. Kila mfalme alikuwa na sababu moja: jirani yangu anazo, nikikosa nitakwisha. Kumbe ile hofu ndiyo ilikuwa mali ya mwenye kuuza. Bunduki moja ikiingia kwa jirani, inalazimisha nyingine iingie kwako.

Miaka ya 1880 Bunkeya ilikuwa mji mkubwa. Reichard, Mjerumani, alifika 1884. Arnot, misionari wa Scotland, alifika 1886. Walikuta watu wa makabila mengi, mashamba, soko, na mafuvu ya vichwa juu ya miti ya boma. Watu wenye bunduki walihesabiwa kwa maelfu. Mafundi wa Bayeke walijua kuvuta nyaya za mukuba, walijua hata kusubu risasi za mukuba wakati zile za kawaida zilikosekana. Fikiri hilo: mukuba yetu ilikwisha kuwa risasi hapa hapa, kwa mikono ya watu wetu.

Lakini kitu kimoja hawakukitengeneza: baruti nzuri. Ile ilitoka pwani, ndani ya mapipa madogo, juu ya vichwa vya wabebaji, kwa miezi ya kutembea. Bunduki bila baruti ni bomba la chuma. Hapo ndipo palikuwa shingo ya Msiri, na aliyeishika shingo hiyo hakukaa Bunkeya.

Wakati Msiri alikuwa anakusanya bunduki za zamani, soko lilikuwa linageuka nyuma yake. Mwaka 1866 Waprusia waliwashinda Waaustria na bunduki inayopakiwa kwa nyuma, siyo kwa mdomo. Ulaya yote ilikimbia kubadili. Mwaka 1874 Ufaransa ikachukua bunduki Gras, yenye risasi ndani ya kopo la shaba. Mwaka 1886 ikachukua Lebel, yenye baruti isiyotoa moshi. Kila mara, zile zilizoachwa zilitafuta mnunuzi, na zile za kupakia kwa nyuma nazo zikaanza kushuka pwani ya Afrika. Hapo Wazungu wakaogopa. Konsoli wa Uingereza kule Zanzibar alionya serikali yake mwaka 1888: kama biashara hii haikatwi, Waafrika watakuwa na silaha sawa na za askari wetu, na kuwatawala kutakuwa kazi ngumu.

Basi milango ilianza kufungwa. Mwisho wa 1888 meli za Wajerumani na Waingereza zilizuia pwani ya mashariki. Kule magharibi, mwaka 1890, mzee Silva Porto, Mreno aliyekaa miaka mingi Bihé, aligombana na mfalme wa pale, akajilipua juu ya mapipa yake mwenyewe ya baruti. Mwisho wa mwaka ule ule jeshi la Wareno likaivamia Bihé. Na tarehe 2 Julai 1890, kule Bruxelles, mataifa yalitia sahihi mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Ndani ya karatasi hiyo kulikuwa sheria ya silaha: bunduki za kisasa zisiuzwe kwa wenyeji wa sehemu kubwa ya Afrika, ila gumegume na baruti ya kawaida, chini ya ulinzi wa serikali. Kukomesha utumwa kulikuwa jambo la haki, hakuna wa kulikataa. Lakini angalia ilivyopangwa: aliyekuwa na ya kisasa alibaki nayo, aliyekuwa na ya zamani aliambiwa aendelee na ya zamani.

Ndani ya nchi mambo yaliharibika pia. Basanga, wale wale waliompokea, walichoka na ukali wake na kodi zake. Waliasi, na njia za misafara zikawa za hatari. Njaa ikaingia Bunkeya. Mwisho wa 1890 Sharpe alifika na karatasi ya Waingereza, Msiri akakataa. Mwaka 1891, Aprili, Le Marinel alifika kwa jina la Léopold. Msiri akakataa bendera. Oktoba, Delcommune, akakataa tena. Alitaka kutoka kwa wageni kitu kimoja zaidi ya vyote: baruti. Wageni nao walijua kwamba ndiyo inayokosekana.

Tarehe 14 Desemba 1891 akaingia Stairs, mzaliwa wa Kanada, ametumwa na Kampani ya Katanga. Alikuwa amepita Tabora na Tanganyika, ile njia ya mzee Kalasa. Askari na wabebaji wake wengi walikuwa watu wa Zanzibar, wenye kusema Kiswahili. Mikononi walikuwa na nini? Bunduki Gras, zile ambazo jeshi la Ufaransa lilikuwa limeanza kuziacha miaka mitano mbele! Hata wao walibeba mabaki ya jeshi. Ila mabaki ya 1874 mbele ya mabaki ya zamani zaidi: wakati gumegume inapiga mara moja na kushindiliwa tena, Gras imekwisha kupiga mara nyingi, hata ndani ya mvua za Desemba.

Tarehe 19 Stairs alisimamisha bendera bila ruhusa. Msiri akatoka usiku kwenda kijiji cha Munema. Kesho yake, tarehe 20, kapiteni Bodson, Mbelgiji, alitumwa kumleta. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga Msiri risasi za bastola, Msiri akafa. Mmoja wa watu wa Msiri akampiga Bodson tumboni, naye akafa. Mtoto wa Msiri, Mukanda-Bantu, akawekwa kwenye kiti, chini ya bendera. Mwaka 1906 Union Minière ikazaliwa, 1911 mukuba wa kwanza wa kiwanda ukamiminwa Lubumbashi, na 1928 reli ya BCK ikapita hapa Kamina kwenda Ilebo.

Leo kule Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya bunduki za zamani za jeshi. Wanazipangusa mafuta, wanasoma alama za kiwanda, wanazitundika ukutani. Zamani ziliuzwa kama chuma kibovu. Leo iliyotunzwa vizuri inauzwa ghali, sababu zimekuwa chache. Bei yake ilishuka, ikapanda, na mara zote mbili haikupangwa huku.

Mimi ni mtu wa sendika, nitasema neno moja tu. Msiri hakukosa akili, hakukosa ushujaa, na mali alikuwa nayo. Alichokosa ni mkono wake juu ya kile kilichofanya mali yake ifanye kazi. Alitoa mukuba, pembe, na, kwa aibu yetu sote, watoto wa watu. Akapokea vitu vilivyokwisha kuachwa, ambavyo roho yao ilikaa ndani ya depo ya mwingine. Wandugu, tukiona masini ya zamani inashushwa mgodini, imepakwa rangi mpya, tusifurahie rangi. Tuulize ni ya mwaka gani, nani aliyeiacha na kwa sababu gani, na vipuri vyake vinatoka wapi. Hilo ni swali la kuweka mezani mbele ya sahihi. Nyuma ya sahihi, Msiri anatufundisha, ni kuchelewa.