Archimedes na Taji la Mfalme

Ukinunua pete ya dhahabu, utajuaje kama haikuchanganywa na madini mengine? Swali hili ni la zamani sana. Soma habari za mtu aliyelijibu.

Archimedes alizaliwa karibu mwaka 287 kabla ya Kristo katika mji wa Syracuse, kisiwani Sicily. Alikuwa bingwa wa hesabu.

Inasimuliwa kwamba Mfalme Hiero alimpa sonara dhahabu amtengenezee taji. Taji lilipopimwa kwenye mizani, uzito wake ulikuwa sawa na wa dhahabu aliyopewa. Lakini watu walinong'ona kwamba sonara ameiba dhahabu na kutia fedha mahali pake. Mfalme akamwomba Archimedes achunguze.

Siku moja Archimedes aliingia katika birika la kuogea. Maji yakamwagika. Hapo akatambua kwamba maji yanayomwagika yanaonyesha ujazo wa kitu kilichozama.

Akachukua bonge la dhahabu na bonge la fedha, kila moja lenye uzito sawa na taji. Akayazamisha kwa zamu katika chombo kilichojaa maji. Fedha ilimwaga maji mengi zaidi. Kwa nini? Fedha ni nyepesi kuliko dhahabu, kwa hiyo bonge lake lilikuwa kubwa. Kisha akalizamisha taji. Nalo likamwaga maji mengi kuliko bonge la dhahabu. Wizi ukajulikana.

Mwaka 212 kabla ya Kristo, Warumi waliuteka mji wa Syracuse. Jemadari wao, Marcellus, hakutaka Archimedes auawe, lakini askari mmoja alimwua.

Elimu yake tunayo hadi leo. Pima uzito wa kitu, pima ujazo wake, kisha gawanya uzito kwa ujazo. Jibu huitwa densiti. Kila sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3. Ya fedha ina gramu 10.5.

Nawe unaweza kujaribu. Lita moja ya maji ina kilo 1. Lita moja ya asali safi ina karibu kilo 1.4. Asali ikitiwa maji, uzito wa lita hupungua. Basi, unaponunua asali, usitazame chupa tu. Ipime pia kwenye mizani.

Maswali
1. Kwa nini mizani peke yake haikutosha kumkamata sonara?
2. Lita 2 za asali zina kilo 2.4. Je, asali hiyo ni safi?