Sheikh Abdallah Saleh Farsy: Mwalimu wa Shule Aliyetuachia Tafsiri

Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena kwenye mwezi wa Qurani.

Hapa kwetu Bisil kuna ndugu waliosilimu wakiwa watu wazima. Kiarabu hawakijui, na wengine Kiswahili chenyewe wamekipata sokoni kwenye ng'ombe na mbuzi. Ramadhan ikiingia nao wanataka kujua wanachosomewa katika tarawehe. Basi hebu tumkumbuke mja aliyewahangaikia watu kama hawa, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Allah amrehemu.

Sheikh alizaliwa Unguja mwaka 1912. Dini aliisoma kwa wanavyuoni wakubwa wa mji ule, mmoja wao Sheikh Abubakar, mwana wa Sheikh Abdallah Bakathir. Lakini pia alisoma shule ya serikali, akasomea ualimu, na kuanzia miaka ya 1930 akawa anafundisha watoto wa shule. Kwa hiyo hakuwa profesa, wala hakuwa na likizo ya utafiti. Alikuwa mwalimu kama walimu wetu tunaowajua, mwenye vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha.

Hapo ndipo penye funzo. Wengi wetu tunasema kazi ya kufundisha inamaliza mtu, hakuna nafasi ya kuandika. Yeye aliandika akiwa mumo humo kazini. Mwaka 1942 alitoa kitabu cha historia ya Seyyid Said bin Sultan. Baadaye akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika shule za Unguja na Pemba, na bado kalamu hakuiweka chini. Aliandika maisha ya Mtume (S.A.W.) kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mtoto anakifuata, manake alijua darasani mwanafunzi anakwama wapi.

Lakini kazi kubwa ilikuwa tafsiri. Tafsiri kamili ya kwanza ya Qurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na padri wa Kiingereza, Godfrey Dale, aliyekuwa misheni Unguja. Ya pili, mwaka 1953, ilitolewa na Maahmadiya. Fikiria ndugu yangu: Mswahili Muislamu akitaka kujua maana ya kitabu chake, anaelezwa na watu wasiokuwa wa itikadi yake! Sheikh aliliona hilo. Katika miaka ya 1950 alianza kutoa tafsiri yake sehemu baada ya sehemu, kila kipande kikimaliza kazi yake kwa watu kabla ya kingine kuja. Hakungoja mpaka akamilishe yote. Mwaka 1969 Islamic Foundation ya Nairobi ikaitoa nzima, Qurani Takatifu, ikiwa na maelezo chini ya aya na majibu kwa makosa aliyoyaona katika tafsiri za kabla yake.

Wakati huo alikuwa ameshahamia Kenya. Unguja alikuwa Kadhi tangu 1960, akaondoka 1967, na mwaka 1968 akashika nafasi ya Sheikh Muhammad Kasim Mazrui kama Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi za mahakama nazo hazikumzuia. Mwaka 1972 alitoa kitabu cha wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, nani alisoma kwa nani na akamsomesha nani. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Marekani mwaka 1989, na leo maprofesa wanakitegemea.

Si wote waliokubaliana naye. Alipokemea mambo aliyoyaona ni bid'a, wapo masheikh waliompinga kwa hoja zao. Hilo ni jambo la kawaida kwa wenye elimu, na sisi tuwatajie kheri wote.

Alifariki Muscat, Oman, Novemba 1982.

Ndugu zangu, hasa walimu wa madrasa na sisi tulio vyuo vikuu: mwalimu anayeandika ukurasa mmoja kila wiki, baada ya mwaka ana kitabu. Hapa kwetu bado kuna mtoto na mzee wanaongoja kuelezwa dini kwa lugha wanayoifahamu. Tuanze Ramadhan hii.

Allah amsamehe Sheikh wetu, amjaalie elimu yake iwe sadaka yenye kuendelea. Amin. Ramadhan Karim.