George Washington Carver: Mwalimu aliyefanya bustani kuwa darasa

Jina la George Washington Carver linapotajwa, wengi hukumbuka karanga. Wapo wanaoamini hata leo kuwa ndiye aliyevumbua siagi ya karanga, jambo ambalo si kweli. Kazi yake iliyogusa maisha ya watu wengi zaidi haikuwa na kishindo: aliwafundisha watoto, walimu na wazazi wao kuielewa ardhi waliyokuwa wakiilima.

Carver alizaliwa utumwani katika jimbo la Missouri nchini Marekani, yapata mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni. Akiwa bado mchanga, majambazi walimteka yeye na mama yake, Mary. Mtoto alipatikana na kurudishwa. Mama hakuonekana tena. Alilelewa na waliokuwa mabwana zake, Moses na Susan Carver, na kwa kuwa afya yake ilikuwa dhaifu hakupelekwa kwenye kazi ngumu. Alibaki karibu na nyumba akitunza bustani, na majirani wakawa wakimletea mimea yao iliyougua.

Alihamia mji wa Neosho, ambako palikuwa na shule ya watoto weusi. Baadaye chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa alipofika na kuonekana kuwa ni mweusi. Mwaka 1891 alijiunga na chuo cha kilimo cha jimbo la Iowa, akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi chuoni hapo, na kufikia mwaka 1896 alikuwa na shahada ya uzamili. Mwaka huohuo Booker T. Washington alimwita Tuskegee, Alabama.

Hali aliyoikuta huko ilikuwa ya kusikitisha. Watumwa walioachwa huru walilima mashamba ya watu wengine kwa kugawana mavuno, wakipanda pamba mwaka baada ya mwaka, na kila msimu ulipokwisha deni lilikuwa palepale au limeongezeka. Udongo ulikuwa umechoka. Kumshauri mkulima wa namna hiyo anunue mbolea ya dukani ni sawa na kutomshauri kitu. Carver aliwaelekeza kwenye vitu visivyouzwa: majani makavu ya msituni, tope jeusi la vinamasi, na mimea kama kunde na karanga, ambayo vinundu vya mizizi yake huirudishia ardhi naitrojeni. Hata maabara yake mwenyewe aliianza kwa chupa na mabaki ya vyombo alivyookota majalalani pamoja na wanafunzi wake.

Aliandika vijitabu zaidi ya 40 kwa lugha nyepesi. Kimoja, cha mwaka 1910, kiliwalenga walimu wa shule za vijijini, kikionyesha jinsi ya kuanzisha bustani ya shule na kuitumia kufundishia elimu ya viumbe. Kwa wale wasiofika shuleni, mwaka 1906 lilianza kuzunguka gari la kuvutwa na nyumbu, likiwa na plau, mbegu na vyombo vya kusukia maziwa. Aliyeliendesha, Thomas Campbell, alikuwa mwanafunzi wake.

Mfano wa Tuskegee ulifika hadi kwetu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ya aina hiyo, na mwaka uliofuata ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, kuandaa walimu wa kuzungukia shule za vijijini. Waafrika wengi waliupokea mpango huo kwa mashaka, wakihofu kupewa jembe mahali pa kitabu. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani serikali za kikoloni hazikuwa na haja ya kuona mtoto wa mkulima akiwa mwanasayansi. Carver alikuwa mwanasayansi, na kwake jembe na kitabu vilikwenda pamoja. Waliosoma katika shule ambako kwenda shambani kulikuwa adhabu ya wachelewaji wataielewa tofauti hiyo.

Carver alifariki dunia Tuskegee tarehe 5 Januari 1943, akazikwa kando ya Booker T. Washington. Hakuwahi kuoa. Akiba yake, yapata dola 60,000, aliiachia taasisi ya utafiti aliyoianzisha chuoni hapo. Julai mwaka huohuo, serikali ya Marekani iliamua kuwa shamba alikozaliwa liwe eneo la kumbukumbu ya taifa, la kwanza kutengwa kwa heshima ya Mmarekani mweusi.