Samuel Ajayi Crowther: Aliyeonja Utumwa Akaijua Kazi ya Uhuru

Katika dunia hii wapo watu wachache wanaoushika uhuru wa wenzao mikononi kama tuushikavyo sisi tuliovaa sare. Askari aweza kumfungia mtu mlango au kumfungulia. Polisi aweza kumwacha mtu aende zake au kumlaza rumande. Kwa sababu hiyo si vibaya, ndugu wapiganaji, tukajiuliza mara kwa mara uhuru ni kitu gani, na mtu akishaupata anadaiwa nini. Mtume Paulo, katika waraka wake kwa Wagalatia, aliwafundisha Wakristo kwamba wameitwa wawe huru, lakini uhuru huo usiwe kisingizio cha kufuata tamaa za mwili, bali uwe njia ya kutumikiana kwa upendo. Leo twapenda kuyatazama mafundisho hayo katika maisha ya Mwafrika mmoja ambaye kwake utumwa ulikuwa pingu za chuma shingoni.

Ajayi alizaliwa yapata mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo imo ndani ya Nigeria. Mwaka 1821, akiwa na umri wa miaka kama kumi na miwili, wavamizi waliuteketeza mji huo. Yeye, mama yake na ndugu zake walifungwa kamba pamoja na mamia ya watu wengine, kisha wakatawanywa. Kijana huyo alibadilishwa kwa farasi. Farasi alipoonekana hafai, akarudishwa kama bidhaa mbovu. Baadaye aliuzwa tena kwa tumbaku na pombe. Alikata tamaa hata akajaribu kujinyonga usiku, lakini moyo ukamshinda. Hatimaye alifikishwa Lagos, akauzwa kwa Wareno na kupakiwa melini.

Mwezi Aprili 1822 meli hiyo ilikamatwa na manowari za Uingereza zilizokuwa zikizuia biashara ya watumwa katika pwani ile. Twaomba msomaji alizingatie jambo hili, maana latuhusu: Ajayi alipata uhuru wake kwa mikono ya watu wenye silaha. Lakini yeye na wenzake hawakujua kwamba wamekombolewa. Walipopandishwa katika manowari iitwayo Myrmidon waliona nyama ya nguruwe imetundikwa na matufe ya mizinga yamerundikwa sitahani, wakadhani ni nyama na vichwa vya watu waliochinjwa. Mtu aliyeonewa siku zote humwogopa kila mwenye silaha, hata yule aliyekuja kumwokoa. Ni wajibu wa mwenye silaha kuiondoa hofu hiyo kwa matendo yake.

Humo melini lilitokea jambo dogo ambalo Ajayi hakulisahau. Siku moja alimwona yule Mreno aliyekuwa bwana wake, sasa akiwa mateka, mwanawe akiwa amesimama karibu naye. Kijana akajipa ujasiri, akampiga kichwani. Ni nani kati yetu angemlaumu? Hata hivyo, alipoandika habari za maisha yake mwaka 1837, akiwa mtu mzima na Mkristo, hakujisifu kwa pigo lile. Alilihukumu kuwa tendo ovu, lisilo na huruma. Kufunguliwa pingu kulichukua siku moja. Kufunguliwa kutoka katika kisasi kulichukua miaka. Naye alielewa kwamba aliyetoka utumwani akabaki na kiu ya kumpiga aliyeanguka, bado ana bwana anayemtawala.

Alishushwa Freetown, Sierra Leone, mwezi Juni 1822. Kwa muda wa miezi michache tu alijua kusoma. Akajifunza na useremala. Alibatizwa tarehe 11 Desemba 1825, akachukua jina la Samuel Crowther. Mwaka 1827 chuo cha Fourah Bay kilipofunguliwa, yeye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa. Alimwoa Asano, aliyebatizwa Susan, ambaye naye alikuwa ameokolewa kutoka katika meli ya watumwa, na wote wawili wakawa walimu. Angeweza kuridhika hapo, kwa kuwa alikuwa na kazi, nyumba na heshima. Lakini mwaka 1841 alijiunga na msafara wa kupanda mto Niger, msafara ambao homa iliua Wazungu zaidi ya 40. Mwaka 1843 alipewa upadre mjini London, na mwaka 1846 akarudi katika nchi ileile alikouzwa, kuhubiri katika mji wa Abeokuta.

Mwezi Agosti mwaka huohuo alikutana na mama yake, Afala. Miaka 25 ilikuwa imepita. Walishikana mikono, wakatazamana kwa machozi, wasiweze kusema neno. Mwaka 1848 mama huyo alibatizwa kwa jina la Hannah.

Crowther alielewa kwamba mtu hawi huru kwa kukatiwa minyororo tu, bali pia kwa kuielewa neno kwa lugha yake mwenyewe. Alitunga msamiati wa Kiyoruba, akaongoza kazi ya kuifasiri Biblia kwa lugha hiyo, na mwaka 1857 akatoa kitabu cha kwanza cha kusomea Kiigbo. Alipokwenda Uingereza mwaka 1851 alionana na Malkia Victoria na mawaziri wake, akawaeleza jinsi biashara ya watumwa ilivyokuwa ikiendelea Lagos. Tarehe 29 Juni 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, aliwekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza wa Kanisa la Anglikana kupewa daraja hiyo.

Cheo hakikumwondolea hatari. Mwaka 1867, karibu na Idah, chifu mmoja aitwaye Abokko alimkamata na kudai fidia kubwa. Aliyekuwa mtumwa akawa mateka tena akiwa mzee. Balozi mdogo wa Uingereza, Fell, alikwenda kumtoa, akafaulu kumwingiza katika mashua; lakini walipokuwa wakiondoka mshale wenye sumu ulimpata balozi huyo, naye akafa. Hivyo Crowther alidaiwa uhai wa mtu mwingine kwa uhuru wake. Deni la namna hiyo halilipwi kwa fedha. Yeye aliendelea kulilipa kwa utumishi kwa miaka 24 iliyobaki.

Jaribu lililo zito kuliko yote halikutoka kwa maadui, bali kwa wenzake. Mwaka 1890, mjini Onitsha, wamisionari vijana kutoka Uingereza, katika kikao ambacho askofu huyo wa miaka 80 alikuwamo, waliwasimamisha kazi mapadre wake Waafrika, akiwamo mwanawe Dandeson. Kasoro za nidhamu zilikuwapo kweli katika vituo vya misheni, lakini wenye makosa na wasio na makosa walihukumiwa pamoja, tena bila kusikilizwa sawasawa. Crowther aliwatetea watu wake waziwazi, kisha akajiuzulu katika kamati ile. Hakutukana, wala hakunyamaza. Aliunga mkono mpango wa makanisa ya Delta ya Niger kujitegemea kwa fedha zao wenyewe, huku yakibaki Waanglikana. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na mahali pake akawekwa Mzungu. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla Mwafrika mwingine hajakabidhiwa dayosisi kamili katika nchi hiyo. Mwaka 2014, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliomba radhi hadharani kwa jinsi Crowther alivyotendewa.

Nasi wa Afrika Mashariki habari hizi hazituko mbali. Shirika lilelile la misheni alilolitumikia Crowther ndilo lililoanzisha Freretown, karibu na Mombasa, mwaka 1875, ili kuwapokea watumwa waliookolewa baharini. Huko nako waliofunguliwa walilazimika kujifunza jinsi ya kuishi kama watu huru, wakawa mafundi, walimu na wahubiri.

Ndugu wapiganaji, wako wanaodhani kwamba utii na uhuru ni paka na panya. Maisha ya Crowther yatuonyesha vingine. Alitii bila kuwa mtumwa wa mtu, na alipokataa hakuwa mwasi. Mtu huru kwa maana ya Kikristo ni yule anayeweza kulipiza asilipize, anayeweza kukimbilia raha akaenda penye homa, anayeweza kunyamaza kwa usalama wake akasema kwa ajili ya mdogo wake. Tutakapomkamata mtu, akawa amefungwa mikono mbele yetu na mwanawe anatazama, na tumkumbuke yule kijana wa Osogun. Mkono ukitaka kuinuka, basi na tujiulize ni nani aliye mfungwa hapo.