Daktari Cook wa Mengo na ugonjwa wa malale

Kila mwaka, somo la ubongo likifika, mimi hununua kichwa cha mbuzi sokoni hapa Kampala. Mchinjaji hunipasulia fuvu kwa shoka, nami nikaupeleka ubongo darasani kwenye sahani. Wanafunzi hucheka kwanza, kisha hunyamaza.

Nawaonyesha sehemu kubwa yenye mikunjo, inayopokea habari za macho na masikio na kuamuru viungo. Nyuma yake kuna sehemu ndogo inayotunza mizani ya mwili. Chini kuna shina linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo. Kisha naugeuza. Hapo mishipa ya macho inapokutana, ndani kidogo, ndipo zinapopangwa saa za kulala na kuamka. Za binadamu nazo hupangwa mahali hapo hapo.

Nikifika hapo huwasimulia habari za Albert Cook.

Cook alizaliwa London mwaka 1870, akasomea udaktari Cambridge na katika Hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 alitua Mombasa pamoja na msafara wa wamisionari wa CMS. Reli ilikuwa haijafika bara, hivyo walitembea kwa miguu hadi Mengo, wakafika Februari 1897. Mwaka huo huo alianzisha Hospitali ya Mengo. Mwaka 1900 alimwoa Katharine Timpson, muuguzi waliyetembea naye safari ile. Baadaye mama huyo aliongoza mafunzo ya wakunga.

Mwaka 1901 Cook na ndugu yake Jack, naye daktari, walianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Watu wazima walisinzia mchana chakula kikiwa mkononi, na usiku wakakesha. Waganda waliuita mongota. Sisi twauita malale. Cook alitazama damu yao kwa hadubini, akaona minyoo midogo ya filaria, ikadhaniwa kuwa ndiyo chanzo. Haikuwa hivyo. Minyoo hiyo ilikutwa pia kwa watu wasio na ugonjwa.

Jibu lilipatikana Entebbe. Mwaka 1902 Mtaliano Aldo Castellani alichunguza maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, akakuta vimelea vya tripanosoma. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walionyesha, kwa kutumia tumbili, kwamba mbung'o ndiye anayevibeba. Maradhi yalikuwa yamekwisha kuenea. Zaidi ya watu 200,000 walikufa Busoga na mwambao wa ziwa. Serikali ikawahamisha wakazi wa mwambao na visiwa vya Ssese, wakawa wakimbizi katika nchi yao wenyewe.

Jambo hili linanigusa. Mimi nilisoma ukimbizini Kenya. Tuliporudi, mjomba wangu aliingia biashara ya ng'ombe upande wa Teso. Mwaka 2000 alianza kupata homa na kuumwa kichwa, akapewa dawa za malaria, tena na tena. Kisha akawa analala mbele ya wateja. Sisi jamaa zake tulimkaripia, tukidhani ni pombe. Alipotolewa maji ya mgongo ndipo vimelea vikaonekana. Alipona, lakini maneno yetu hakuyasahau.

Ndivyo malale yanavyofanya kazi. Vimelea huanza katika damu, vikiiga malaria, kisha huingia ubongoni na kuvuruga saa za usingizi. Aina ya mashariki hukaa ndani ya ng'ombe ambao huenda wasionyeshe dalili. Mlipuko wa Soroti wa mwaka 1998 ulihusishwa na ng'ombe waliouzwa mnadani. Aina ya pili iliwasumbua waliorejea West Nile kutoka Sudan katika miaka ya 1980. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa nchini Uganda aina hiyo ya pili si tishio tena kwa afya ya umma. Ile ya ng'ombe ingali ya kuchungwa.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, ng'ombe wako watibiwe kabla hawajahama wilaya. Homa ikigoma kusikia dawa ya malaria, mweleze daktari ulikopita, uombe upimwe malale.

Cook alipewa heshima ya Sir mwaka 1932. Alifariki Kampala mwaka 1951, akazikwa Namirembe. Maktaba ya udaktari pale Mulago ina jina lake. Huwapeleka wanafunzi wangu kaburini, na siku hiyo mjomba huja nasi.